Amplifaya Isiyojua Njaa

Nimestaafu juzijuzi tu, na kabla sijazoea kunywa chai bila kutazama saa, Masanja kanipigia simu. Masanja ndiye fundi mitambo aliyekalia kiti changu pale redioni Kilosa. Anataka niwaandikie vijana wa kitengo cha ufundi yale niliyojifunza kazini. "Ya kiufundi, Mama Asha," kaniambia, "yale mengine yaache." Yale mengine ndiyo soga. Nimekubali kuandika, ila soga siachi, maana katika kazi yetu ya sauti unashughulika na waya na unashughulika na watu, na kati ya hao wawili waya ndio wenye adabu zaidi.

Nani alipanda cheo na nani alibaniwa, hayo ulizeni ofisini. Mimi nitaanzia Mikumi, kwenye mashuka.

Nilitoka nyumbani Chanzuru nikiwa msichana, nikaajiriwa kufua mashuka kwenye hoteli moja ya Mikumi. Wageni walikuwa wakirudi kutoka mbugani jioni wanakuta bendi inapiga kwenye bustani. Siku moja mtu wa mitambo akadandia lori la kwenda Zambia na hakurudi. Meneja akaja jikoni na kufulia, akauliza nani anaelewa mambo ya redio. Wenzangu wakanisukuma mbele, eti nilishatengeneza redio ya mpishi. Ukweli ni kwamba mpishi aliweka betri kinyume na mimi nikazigeuza. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye fani, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo.

Siku yangu ya kwanza nilipanga maikrofoni mapema, kila moja na sponji yake kichwani, nikaenda kutafuta waya wa umeme. Kurudi, nyani wamekaa kwenye jukwaa. Mmoja ameshang'oa sponji, ameing'ata, ameitema, na ananitazama kama vile mimi ndiye niliyemuuzia tunda bovu. Mwimbaji akaimba bila sponji, kila "pa" na kila "ba" ikawa inapasuka kwenye spika kama mtu anapasua kuni. Wageni walipiga makofi. Nikajua kumbe watu wanasamehe mengi kwenye muziki, nikapata moyo wa kurudi kesho yake.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Fundi Elia. Alikuwa mtu wa Mamboya kule milimani, mrefu, mkimya, suruali yake ina mstari wa pasi hata akiwa juu ya paa. Hoteli ilimwita atengeneze amplifaya ya bendi iliyokuwa inanguruma. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikia "Marahaba," kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza. "Inanguruma vipi? Niigizie." Nikaona aibu, lakini nikaigiza kwa mdomo. Akasema, "Hiyo ni waya wa ardhi." Akafungua, na kweli ulikuwa waya wa ardhi. Toka siku hiyo kila akija Mikumi ananitafuta kule kufulia, nashikilia tochi, yeye anachomelea waya kwa risasi na kunieleza. Hakuwa na haraka na mtu. Ukimwambia kifaa kibovu, anakaa kwanza anakisikiliza, mikono ameweka magotini, na wewe unatakiwa unyamaze.

Redio ilipofunguliwa Kilosa wakamchukua yeye kusimamia mitambo. Akawaambia kuna dada yuko Mikumi, anafua mashuka, mleteni. Waliona anatania. Nikaenda na begi langu na barua ya hoteli inayosema mimi ni mfuaji mzuri. Nimefanya kazi kwenye jengo lile mpaka juzi.

Sasa nije kwenye ufundi, Masanja asije akasema namzungusha. Kama kuna adui niliyepambana naye miaka yangu yote ni umeme mdogo. Mashine za kusaga zikianza kazi mtaani, taa zetu zinafifia, sauti inaingia mtetemo, mtangazaji anaongea kama amelewa. Fundi Elia alinifundisha kuchimbia nondo ya ardhi, ile inayoshusha umeme mbaya udongoni, kwa mkaa na chumvi, na kiangazi kuimwagia maji kila asubuhi. Wageni walidhani tunamwagilia mti uliokauka. Alinifundisha kuweka stabilaiza, kile kisanduku cha kusawazisha umeme, kwa kila kitu kinachopumua. Nikawa na ugonjwa huo. Hata nyumbani kwangu friji ilikuwa na stabilaiza kubwa kuliko friji yenyewe. Mkumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo lililotutesa baadaye.

Kompyuta zilipokuja tulizipokea kwa shangwe, kisha zikaanza kuugua. Kila kwaya iliyokuja kurekodi ilikuja na flashi, na kila flashi ilikuja na virusi vyake. Tulipoteza kazi nzima ya kwaya moja wiki ya kuelekea Pasaka, na mwalimu wao hakunisalimia mpaka Krismasi. Ndipo Fundi Elia, mzee wa miwani miwili, akasikia kuna mfumo unaitwa Linux, unagawiwa bure na hauugui ovyo. Akaupakia kwenye kompyuta moja. Mimi sikuupenda hata kidogo. Nilikuwa nimeshazoea vidirisha vyangu, na huku naambiwa niandike amri kama naandika telegramu.

Kilichonibadilisha ni ile programu ya kuunganisha milango ya sauti. Ukiifungua unaona huku milango ya kutokea, kule milango ya kuingilia, na wewe unavuta waya kwa kipanya kutoka huku kwenda kule. Gitaa liende kwenye programu ya kurekodi, programu ya kurekodi iende kwenye spika, mtangazaji aende kwenye hedifoni tu. Ulikuwa ni ule ule ubao wa soketi ambao Fundi Elia alinifundisha kwa waya za kweli, ila huu hauna kutu. Nikamwambia, "Fundi, hii naijua." Akacheka, na Fundi Elia kucheka ilikuwa habari.

Tatizo likawa kuchelewa kwa sauti. Mpiga gitaa wa kwaya moja ya Kimamba alivua hedifoni akaniambia kwa upole, "Mama, napiga leo nasikia kesho." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kompyuta inachota sauti kama mtu anayechota maji. Ukiipa ndoo kubwa inachelewa kurudi. Ukiipa kikombe inakwenda mbio mpaka inachoka, na sauti inaanza kukwaruza. Kazi yako ni kutafuta chombo kinachofaa mashine uliyonayo, siyo mashine ya jirani. Vijana mnapenda kuiga namba za mtandaoni, halafu mnanipigia simu kulalamika makwaruzo.

Fundi Elia alifariki kwao Mamboya, baada ya kustaafu. Nilipanda kule mlimani kumzika, na mimi siyo wa dini yake, nikakaa na wanawake wa familia mpaka mwisho. Kila kitu ninachojua mikononi mwangu alikiweka yeye, na hakuwahi kunikumbusha kwamba alinitoa kwenye karai la mashuka. Namshukuru mpaka leo, na nalisema hapa ili liandikwe mahali.

Amplifaya nitakayoieleza ilitoka Mikumi, kwenye hoteli ile ile. Walipunguza bendi, wakabakiza mtu mmoja na kinanda, vyombo vingine wakatupa sisi. Ilikuwa amplifaya ya gitaa ya kisasa, ile ya kuigiza. Ndani yake hakuna valvu, zile taa za kioo zilizokuwa zinawaka kwenye amplifaya za zamani. Ndani ni kompyuta ndogo tu, na imefundishwa kuiga sauti za amplifaya nyingi za Ulaya na Marekani. Unazungusha kitufe, inakuwa hii. Unazungusha tena, inakuwa ile. Mbele ina vitufe vichache, lakini ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB unaweza kugusa mengi yaliyofichwa ndani.

Yaani unaweza kama una programu yao. Na programu yao haikubali Linux. Masanja, aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, akatafuta siku nyingi kwenye mtandao mpaka akapata nyingine. Kuna watu huko duniani, hawajuani kwa sura, walikaa wakasikiliza jinsi amplifaya na kompyuta zinavyozungumziana kwenye ule waya, wakaelewa lugha yao, wakaandika programu, wakaigawa bure. Sijui ni wazee au watoto wa shule. Sijui kama ningewaamkia au wangeniamkia wao. Nawashukuru hivyo hivyo, wazee na watoto pamoja, kwa sababu bila wao nisingekuwa na la kuwasimulia.

Mwaka ule redio iliamua kurekodi upya nyimbo za bendi za mashamba ya mkonge, kabla waliozipiga hawajaisha. Kimamba walikuwa na bendi yao enzi hizo. Mto ulipoingia mtaani ulichukua kanda zote na vyombo vyote. Kati ya wanamuziki alikuwa amebaki mmoja, Mzee Rajabu, mpiga solo. Akaletwa na binti yake Mwanaidi kwa bodaboda, amekaa katikati, kofia kichwani, gitaa la kuazima mgongoni kwa binti. Nikamwamkia. Akaniitikia na kuniita "mwanangu," na mimi wakati huo nina wajukuu. Nilifurahi siku nzima.

Wakati Masanja anamwekea kiti, Mwanaidi akanivuta kibarazani. Akaniambia baba yake ana sukari, na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kina kidonda ubavuni, kimefika mfupa. Daktari kasema kitolewe, aende Morogoro upesi, akichelewa itakuwa mkono mzima au zaidi ya mkono.

"Sasa mbona yuko hapa?" nikamuuliza.

"Kasema akimaliza kurekodi ndiyo atakwenda. Asiporekodi haendi."

"Umemwambia hatari yake?"

"Nimemwambia, imamu kamwambia, daktari kamwambia. Labda wewe, mama, umrekodi haraka."

Nikarudi ndani. Nikamwambia Mzee Rajabu kwamba tunaweza kusubiri, atibiwe kwanza. Akanyoosha ule mkono, bandeji nyembamba imezunguka kidole, akakikunja na kukikunjua mbele yangu. "Hakiniumi," akasema. "Ndiyo ubaya wake. Kingekuwa kinauma ningekwenda zamani. Hiki ndicho kinachofika kule ambako vingine havifiki. Kikitoka, nyimbo zile hakuna atakayezipiga, hata mimi. Washa mitambo yako."

Tukawasha. Nilimpa sauti niliyoiona nzuri kuliko zote kwenye amplifaya ile, safi, inang'aa. Akapiga kidogo. Akasimamisha nyuzi kwa kiganja, akasikiliza ukimya, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Sauti nzuri hii. Ya nani?"

Nikampa nyingine. Akatikisa kichwa. Masanja akampa ya tatu na ya nne. Mzee akawa anapiga vipande viwili vitatu anaacha. Hakuwa mtu wa maringo, alikuwa anajaribu kwa dhati kuzipenda. Alisema mkono wake haujui uende wapi, maana alizoea kupiga kisha kusubiri gitaa limjibu, na hili linajibu kabla hajamaliza kuuliza. Ikafika alasiri hatujarekodi hata wimbo mmoja, Mwanaidi akampandisha kwenye bodaboda wakarudi Kimamba. Na Morogoro hakwenda.

Tatizo letu lilikuwa kwamba hatukuwa na kitu cha kulinganishia. Kanda zilikwenda na maji. Amplifaya yake ya valvu ilikwenda na maji. Sauti tuliyoitafuta ilibaki kwenye masikio ya mtu mmoja tu, na mtu huyo tulitakiwa tumharakishe hospitali.

Mimi na Masanja tukafanya kile ambacho fundi yeyote wa Kilosa angefanya. Tukasema umeme wetu ni mchafu, ndiyo maana mzee hasikii raha. Tukaazima stabilaiza nzuri zaidi. Nikamwagia nondo ya ardhi maji mpaka fundi bomba akauliza kama bomba limepasuka. Tukachomelea waya upya, tukahamisha taa za mwanga mweupe mbali na gitaa. Mzee Rajabu alipokuja tena sauti ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Akapiga nyuzi mara moja tu. "Mwanangu," akasema, "sasa ndiyo mmeniharibia kabisa."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliogopa, sifichi. Nilikuwa nimeona kile kidole safari ile, rangi yake haikuwa nzuri, na nilikuwa najua kwamba mzee yule anamsubiri fundi, na fundi ni mimi. Mwanaidi alikaa pembeni yangu, hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Adhuhuri ile mashine za kusaga za mtaani zikaanza. Mimi niko kwenye ngazi nikasikia stabilaiza inagonga ndani, tak, tak, kama kawaida yake umeme ukishuka. Nikaingia haraka kuangalia kompyuta. Taa ya studio ilikuwa imefifia, njano. Nikamkuta Mzee Rajabu ameinua uso anaitazama ile taa, na anatabasamu, mara ya kwanza tangu aje.

"Hapo ndipo nilikuwa naanzia chemko," akasema, yaani ile sehemu ya wimbo inayochangamka, ya kucheza.

Nikamwomba anieleze. Akaeleza taratibu, na mimi nikakaa, mikono magotini, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Ukumbi wa shamba lao haukuwa na umeme wake. Ulivuta kutoka kwenye jenereta ya kiwanda, iliyoendesha korona, mashine ya kukamua mkonge, nawaambia vijana msije mkadhani nasema ugonjwa. Jumamosi zamu ya jioni ilikuwa bado inafanya kazi wakati dansi limeshaanza. Mwendesha mashine akilisha majani mengi kwa pamoja, jenereta inalemewa, taa za ukumbi zinafifia, na amplifaya inakosa nguvu. "Gitaa linanenepa," Mzee Rajabu akasema. "Ukiligonga linainama kwanza, halafu linainuka lenyewe taratibu. Wachezaji walikuwa wanatazama taa. Zikififia tu wanajua chemko inakuja, wanavua viatu. Na yule wa korona alikuwa rafiki yetu, tulimwambia atulishie mashine kwa kufuata vituo vya wimbo."

"Kwa hiyo amplifaya yako ilikuwa inapiga kwa umeme mdogo?"

"Maisha yake yote. Tulialikwa mjini mara moja, umeme umejaa mpaka unamwagika. Gitaa likawa linapiga kelele kama bati. Nilitia aibu, nikazima nikacheza ngoma."

Mimi nilicheka mpaka machozi, na baadaye sikuwa na hakika kama bado nacheka. Miaka yote nimechimbia nondo, nimemwagia maji, nimefunga stabilaiza mpaka kwenye friji, nafukuza kitu ambacho watu wa Kimamba walikuwa wanakivulia viatu.

Basi, kwa akili ya haraka, nikang'oa amplifaya kwenye stabilaiza nikaichomeka moja kwa moja kwenye ile soketi dhaifu ya ukutani. Nikamwambia mzee apige. Haikunenepa. Iliimba vile vile kwa usafi wake, kisha mashine ya kusaga ilipovuta zaidi ikazima, ikawaka upya, ikatuonyesha nembo ya walioitengeneza.

"Mama, hii haijui njaa," Masanja akasema. "Ile ya mzee ikipungukiwa inalegea. Hii ikipungukiwa inazima tu. Njaa yenyewe inabidi tuiandikie."

Akachomeka waya wa USB, akafungua ile programu ya wale watu tusiowajua. Kwenye ukurasa wa ndani kabisa, ambao mbele ya amplifaya hauna kitufe chake, kulikuwa na kisukumio kimoja tulichokuwa tunakipita kila siku, kimeandikwa sag. Masanja akatafuta maana yake. Ni kulegea, au kubonyea. Kumbe waliotengeneza waliiga mpaka namna valvu zinavyoishiwa nguvu, kisha wakaificha, labda kwa kudhani hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeitaka nyingi.

Tukakisukuma kidogo. Mzee akapiga. "Bado," akasema. Tukasukuma. "Bado." Tukasukuma mpaka mwisho. "Hapo mmelaza mtu kabisa, rudini." Masanja akarudisha, akarekebisha na kingine cha jirani yake kinachopunguza moto wa valvu hizo za kuigiza. Mzee Rajabu akagonga nyuzi. Sauti ikainama, ikakaa, ikainuka yenyewe. Tukamsubiri aseme. Aliendelea kupiga, macho amefumba, na kidole kile kikawa kinakimbia kule chini kwenye shingo ya gitaa ambako vingine havifiki. Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kumsikia baba yake akipiga hivyo, alizaliwa bendi imeshavunjika.

Nilimwachia apashe moto mkono, mimi nikapanga kurekodi. Hapa sikilizeni, vijana, hili ni la kazi. Niligawanya waya wa gitaa mara mbili. Mmoja ukapita kwenye amplifaya, na kutoka pale ukaingia kwenye mlango wa pili wa kompyuta. Mwingine ukaingia moja kwa moja mlango wa kwanza bila kupita popote. Mlango wa pili ni sauti iliyopikwa, na mlango wa kwanza ni sauti mbichi. Mbichi haina raha kuisikiliza, ni nyembamba, unasikia kucha na vyuma. Lakini ukiwa nayo, kesho ukigundua ulipika vibaya unaweza kupika upya. Mzee alipoisikia kidogo kwenye hedifoni alikunja uso, akasema hicho ni chakula cha mgonjwa. Nikaizima masikioni mwake, nikaacha irekodiwe.

Tukarekodi wimbo mmoja baada ya mwingine mpaka jioni. Treni ya mizigo ikapita na honi yake, tukasubiri, tukaendelea. Kila baada ya muda alikuwa anaacha kupiga katikati ya wimbo, anatikisa kichwa kwa mapigo, kisha anaingia tena. Masanja akadhani anasahau, akamwambia kwa adabu kwamba anaweza kujazia hapo. "Hapo si pangu," mzee akajibu. "Hapo ni pa saksafoni." Mwenye saksafoni amezikwa Kimamba. Tumeyaacha mapengo yale kama alivyoyaacha, na msithubutu kuweka ngoma za kompyuta humo.

Alipomaliza wimbo wa mwisho akaliweka gitaa kwenye kiti kwa mikono miwili. Akamwambia binti yake, "Haya. Twende Morogoro." Wakaondoka kesho yake asubuhi. Kidole kilitolewa. Mkono ulipona, na mzee mwenyewe akapona, Mungu ashukuriwe, na daktari yule ambaye hakuchoka kumsubiri mtu mkaidi ashukuriwe pia.

Nyimbo zilipotoka hewani, watu wa Kimamba walipiga simu redioni wakilia na kucheka. Mama mmoja alisema amevua viatu jikoni kwake. Hayo ndiyo malipo ninayoyakumbuka.

Wiki yangu ya mwisho kazini Mzee Rajabu alikuja kuniaga. Nikamwamkia, tukakaa studio, mimi na yeye tu, Masanja yuko kwenye mnara. Mkono wa kushoto aliuweka mapajani, ameufunika kwa kofia. Akaomba asikie tena wimbo mmoja. Nikamwekea ule uliopikwa, wenye njaa yake yote, nikijua ndio anaoupenda. Akasikiliza kidogo.

"Siyo huu. Ule wa mgonjwa."

"Mbichi? Mzee, ule si uliukataa?"

"Zima amplifaya, mwanangu. Nataka kuusikia mkono."

Nikafunga mlango wa pili, nikaacha wa kwanza peke yake. Studio ikajaa ile sauti nyembamba, nyuzi, kucha, ngozi ikiteleza kwenye chuma. Mzee akatoa kofia, akaulaza mkono mezani, vidole vinne na kovu. Vidole vikaanza kusogea bila gitaa, vinafuata. Kila ilipofika noti ya kule chini, ile ambayo vingine havifiki, vinne vilisimama, na pale penye kovu pakatikisika. Na noti ikalia kwenye spika, kwa wakati wake, imetimia.

"Anafanya kazi huyu," akasema, akiligusa kovu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Rudisha nyuma nimsikie tena."

Nikarudisha.

Hilo ndilo la kiufundi ulilolitaka, Masanja. Faili lile mbichi ni kubwa, linakula diski, na najua siku moja mtu mwerevu atasema halina kazi kwa kuwa nyimbo zilishatoka. Msilifute. Mzee bado anakuja kila akipata lifti. Akifika mwamkieni, mpeni kiti karibu na spika, zimeni amplifaya, kisha tokeni nje mmwache na kidole chake.